Keki Iliyonuka Papa

Kwa zaidi ya miaka arubaini nimekereza matendegu ya vitanda. Asubuhi nilisomesha watoto Kurani, na baada ya adhuhuri nilishuka kwenye chumba cha chini kinachofungukia njiani, nikavaa miwani, nikasema Bismillahi na kuanza kutoa mguu wa kitanda ndani ya kipande cha mti. Sasa chuo nimewaachia walimu wenye magoti mazima, maana kukaa chini na kuinuka mara kumi kwa siku kunataka ujana. Kerezo sijaliacha. Anayekereza husimama palepale, mti ndio unaopata taabu ya kuzunguka.

Kerezo lenyewe aliniachia babangu. Zama zake lilizungushwa kwa kamba, mtu mmoja akivuta huku na huku, mwengine akikata. Mimi nililitia mota ya mashine ya kufulia nguo iliyotupwa na nyumba moja ya wageni, nayo inafanya kazi vizuri ila kwa kelele. Ikianza, hulia kama punda aliyefungwa mbali na chakula, na paka wote wa njia yetu huhama kwa muda.

Siku moja binti yangu alishuka na simu mkononi, akasimama mlangoni asije akachafua nguo kwa maranda.

"Baba, unaweza kunikerezea stendi ya keki?"

"Ni mnyama gani huyo?"

Akanionyesha picha. Lilikuwa sinia la mti, la mviringo, limekaa juu ya mguu mmoja wenye kiuno chembamba, na chini ya mguu kuna kitako kipana cha kulizuia lisianguke.

"Hili limesimama kwa mguu mmoja," nikasema.

"Ndiyo."

"Na juu yake kunawekwa nini?"

"Keki ya ghorofa tatu."

"Wewe mwenyewe ukisimama kwa mguu mmoja, nikakupa ghorofa tatu kitwani, utakaa muda gani?"

"Mimi sikukerezwa na wewe, Baba."

Hapo nilishindwa. Nikacheka, nikakubali.

Nilikubali pia kwa sababu nilijua keki hiyo ni ya nini. Binti yangu alirudi nyumbani miaka mitatu iliyopita, baada ya ndoa yake kwisha kwa wema, bila maneno ya kusimulia. Mikono yake haijui kukaa bure. Alijifundisha keki kwa kutazama simu, akaharibu mayai mengi sana, kisha siku moja keki ikatoka laini, imeumuka sawasawa, na tangu hapo majirani wakawa wanampa kazi ndogondogo: akika ya mtoto mchanga, mtoto aliyehitimu msahafu, mgeni aliyerudi Hija. Lakini kazi hizo zilikuja moja leo, nyingine baada ya mwezi. Wakati huohuo kulikuwa na wakala wa Mombasa anayepeleka wanawake kufanya kazi za nyumbani Arabuni. Pasipoti ilikuwa imeshatoka. Ilikaa kabatini chini ya shuka zake, na kila mmoja wetu nyumbani alijua ilipo, wala hakuna aliyeitaja.

Kisha nyumba moja kubwa ya mtaa wa pili ikamwagiza keki ya harusi, ya ile siku ya bibi harusi kutolewa nje kuonyeshwa wageni. Siku hiyo hukusanyika wanawake watupu, tangu alasiri, na kila mwenye binti wa kuozwa huwapo. Huangalia nguo, huangalia hina, huangalia chakula, na wakirudi makwao wameshaamua nani atashona, nani atapamba na nani atapika harusi ya kwao.

Binti yangu alitwambia siku hiyohiyo, tukiwa tunakula cha jioni.

"Watu wakiipenda keki hii wakaniagiza, nitakaa," alisema. "Wasiponiagiza, wakala anataka jibu kabla ya Maulidi. Nitamwambia ndiyo."

Mamake aliacha kuchambua samaki. Mimi nilisema, "Inshallah itakuwa kheri." Kumkataza sikutaka. Ni mtu mzima, na riziki ya mja imeandikwa pahali tusipopaona. Lakini niliposwali nilikaa juu ya msala zaidi ya kawaida yangu, na nilichoomba, nakiri, hakikuwa kheri popote ilipo. Niliomba kheri iwe hapahapa kisiwani Amu.

Kilichobaki ni mti. Tendegu hutoka katika kipande chembamba, na kipande chembamba hukikosi. Sinia linataka ubao mpana, mnene na mkavu kabisa, kwa sababu mti mbichi ukiukereza leo katika mviringo, baada ya wiki mbili umekuwa yai. Nilizunguka kwa mafundi wote ninaowajua, nikarudi mikono mitupu. Nilikuwa nikiwalalamikia watu wa nyumbani habari hiyo wakati shemeji yangu, nduguye mke wangu, yupo ametutembelea kutoka Kiwayu. Shemeji ni mvuvi, na kimya kwake ni ugonjwa.

"Ubao mpana?" akasema. "Mwalimu, una shemeji kama mimi halafu unalilia ubao?"

Alirudi kwao, na siku nne baadaye akashuka tena gatini, mara hii kwa ajili ya harusi, akiwa na mzigo uliofungwa kwa gunia. Ndani yake mlikuwa na usukani wa mashua ya marehemu mkwe wangu, ule ubao mpana wa nyuma unaogeuza chombo. Mashua yenyewe ilikwisha zamani, ikawa kuni huko Mkokoni, lakini usukani ulibaki kwenye banda la nyavu la shemeji kwa miaka kama kumi na mitano. Ulikuwa mti wa mbambakofi mtupu, unene wa vidole vitatu, mpana kuliko kifua changu. Mke wangu aliupapasa kwa kiganja. Usukani wa babake ungebeba keki ya mwanawe. Jambo hilo lilitupendeza sote, nami nikaliona ni dalili njema.

Nikachora duara kwa bikari, nikalikata kwa msumeno, nikalifunga kwenye kichwa cha kerezo. Mti wa tendegu hukupa ubavu. Sinia hukupa uso, na ukikosea kidogo tu namna ya kushika patasi, linakunyang'anya chuma mkononi. Siku ya kwanza nilinyang'anywa mara mbili. Siku ya tatu tulishaelewana. Kwa juu ubao ulikuwa wa kijivu, lakini chini ya kijivu ulitoka mwekundu kama tende, na maranda yakaruka marefu, laini, yakinata kwenye kanzu. Mti ulipopata moto kwa kuzunguka ulitoa hata jasho la mafuta. Nilifurahi kuona mti mzee namna ile ungali na uhai wake.

Hapa inanipasa kueleza kwamba pua yangu haifanyi kazi. Iliondoka na homa moja kali miaka michache nyuma, ikarudi nusu. Nasikia harufu ya ndimu, nasikia kahawa ikiungua, mengine yote kwangu ni hewa tu. Na njia yetu ndiyo wanayopita watu wa soko la samaki, kwa hiyo hata wenye pua nzima hawashangai upesi. Jirani yangu mshona kofia alipita akaweka ncha ya kilemba puani.

"Mwalimu, siku hizi unakausha papa humu ndani?"

"Nakausha mamba," nikamjibu. "Papa wamekwisha."

Tukacheka, akaenda zake. Nilidhani anaziba pua kwa sababu ya vumbi la mbao.

Stendi ilikwisha Jumatatu. Harusi ya wanawake ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimeipaka nta ya nyuki, maana vanishi si kitu cha kuwekea chakula, nikaiweka juu ya meza, na juu yake bilauri ya maji iliyojaa hadi ukingoni. Nikaigonga meza kwa ngumi. Maji hayakumwagika. Binti yangu akasema apike keki ndogo ya kujaribia, aone namna itakavyokaa na itakavyokatika. Jioni akaipaka krimu, akaiweka juu ya stendi, akaifunika kawa ili sisimizi wasiifikie, na akaiacha hivyo mpaka asubuhi.

Baada ya swala ya alfajiri tukakaa kunywa chai, sisi wanne. Nikapewa kipande cha kwanza kwa heshima ya fundi.

"Nzuri sana," nikasema. "Laini."

Shemeji akala chake. Alitafuna polepole huku akitazama boriti za dari, akameza, akanywa chai, wala hakusema neno. Kwa mtu kama yeye, hilo peke yake lingetosha kutushtua. Kisha mke wangu akatia kipande mdomoni.

"Mwanangu," akasema, "krimu hii umeitia nini?"

"Maziwa, sukari, na vanila."

"Vanila hiyo ni ya kununuliwa au ya kuvuliwa?"

"Mimi nilidhani ndio mtindo mpya," shemeji akasema, kama mtu aliyefunguliwa kamba. "Nikajiambia, nyamaza, usije ukaonekana mtu wa Kiwayu."

Binti yangu alinusa keki. Akanusa kawa. Halafu akainama akanusa stendi, na alipoinua kichwa alikuwa amebadilika rangi.

"Baba," akasema, "ni papa."

Hapo nikaelewa, na niliona haya, kwa sababu hakuna mtoto wa visiwa hivi asiyelijua jambo hilo. Mbao za chombo cha baharini hupakwa sifa, mafuta yatokayo kwenye ini la papa, ili maji na jua visizile. Usukani ule ulipakwa mwaka baada ya mwaka, tangu mkwe wangu akiwa kijana. Mafuta yaliingia mpaka moyoni mwa mti yakalala humo. Mimi nikaufungua mti, nikautia moto kwa kuuzungusha, nikayaamsha, na nilipoyaona yakitoka nikasema huo ni uhai. Kisha tukayafungia pamoja na krimu chini ya kawa tangu jioni hadi asubuhi.

Mke wangu alicheka, shemeji akacheka zaidi. Binti yangu hakucheka. Alichukua kisu akawa anakwangua krimu kutoka kwenye keki, taratibu, kana kwamba siku hiyo hakuwa na kazi nyengine.

"Ya harusi nitaipakia juu ya sinia la bati," akasema.

Lakini hilo halikufaa. Mama wa bibi harusi alikuwa ameshaambiwa kwamba keki itakuja juu ya stendi ya mti, na yeye alikuwa ameshaieneza habari hiyo mtaa mzima. Na sinia la bati tulilokuwa nalo, likiwekwa kitu kizito, hulegea katikati.

"Hakuna harufu isiyoshindwa na udi," mke wangu akasema, akainuka.

Akaleta chetezo, akatia makaa, akatia udi ule mzuri anaoufichia siku ya Idi. Akaiweka stendi juu ya tenga na kuifunika shuka, kama anavyofukiza nguo za bibi harusi. Moshi ukapanda mpaka ghorofa ya juu. Kabla ya udi ilikuwa imesuguliwa kwa ndimu, na kabla ya ndimu kwa majivu na chumvi. Adhuhuri ilipokaribia akafunua shuka, akamwita nduguye aje anuse, kwa kuwa yeye ndiye aliyeileta balaa.

Shemeji akanusa kwa makini.

"Sasa ni papa anayekwenda harusini," akasema.

Niliswali adhuhuri, kisha nikapanda kitandani kulala kailula, maana mtu akishindwa na jambo mchana, bora alale kidogo kuliko kuzunguka akiwasumbua wengine. Usingizi haukuja. Nililala chali nikihesabu mbao ninazozijua katika mji huu, ya nani iko wapi, ipi mbichi, ipi nyembamba, na nilipomaliza mji mzima nikakumbuka kwamba mbao nzuri kuliko zote ziko chini yangu mwenyewe.

Wazee wengi wa hapa huweka sanda zao tayari. Mwengine ameileta kutoka Makka, ameiosha kwa maji ya Zamzam na kuikunja kwenye sanduku. Mimi ninayo, na kwa kuwa ni mtu wa mbao niliongeza viunza, zile mbao zinazomfunika maiti ndani ya mwanandani, lile shimo la ndani ya kaburi, kabla ya mchanga kurudishwa. Mwembe mmoja mkubwa ulianguka shambani kwa rafiki yangu, akanipa gogo, nikalipasua mbao sita. Nilizipasua pana na nene kuliko inavyohitajika, maana niliona haya kujipunja. Zimelala chini ya kitanda changu miaka saba, na mti wa mwembe uliolala kivulini miaka saba ni mkavu kama mkate wa juzi.

Nilijiuliza kama inafaa. Zingekuwa wakfu nisingezigusa. Lakini ni mali yangu, sijamwandikia mtu, na mwenye kuzihitaji leo yuko hai. Nikashuka kitandani, nikapiga magoti, nikaanza kuuvuta ubao mmoja. Ulikwaruza sakafu. Mke wangu akatokea mlangoni.

"Hizo ni za kaburi lako."

"Natoa moja tu. Zinabaki tano."

"Tano hazikutoshi, Bwana. Una miguu mirefu."

"Basi nitaikunja."

"Hukunji kitu," akasema. "Huendi popote mpaka upate ubao mwengine."

"Haya, Bibi."

"Na usiutafute mapema."

Akashika upande wa pili, tukauteremsha ngazi pamoja.

Jumatano asubuhi duara la mwembe lilikuwa limeshakatwa na kufungwa kwenye kerezo. Nikasema Bismillahi, nikabonyeza swichi, na kukawa kimya. Nikabonyeza tena. Nje nikamsikia mshona kofia akiuliza kama na kwetu pia stima imekatika, na mtu akamjibu kwamba imekatika kisiwa kizima, na hairudi mpaka jioni. Oveni ya binti yangu ni ya gesi, kwa hiyo keki haikuwa na wasiwasi. Mwenye wasiwasi alikuwa ni mimi. Gundi ya mguu ilitaka usiku kucha ikauke. Kama sinia lisingekwisha kabla ya jua kuchwa, lisingekuwa na maana tena.

Nikaufungua mkanda wa mota. Nikaitafuta kamba ya babangu, nikaikuta inaning'inia msumarini pale alipoiacha, nikaizungusha mara mbili kwenye mhimili wa kerezo. Shemeji akajitolea kuvuta. Alivuta kama anayeng'oa nanga. Sinia likaruka nusu duara, likagonga patasi, nikapata alama kwenye kidole ambayo iko hadi leo.

"Shemeji," nikamwambia, "nakushukuru. Sasa nenda kanunue ndimu."

"Ndimu za nini?"

"Za kukutoa humu."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Keki zake tatu zilikuwa juu zikipoa, na mpaka zipoe hakuwa na la kufanya. Alijifunga leso kiunoni, akashika ncha mbili za kamba, akaanza kuvuta, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kwa kipimo kimoja kisichopanda wala kushuka. Kwa kamba, mti huzunguka kuja kwako kisha huzunguka kurudi. Unapokuja unakata, unaporudi unainua chuma na kungoja. Nilikuwa nimesahau utamu wa kazi ile. Kata, ngoja. Kata, ngoja. Hata kelele haikuwapo, ila sauti ya kamba na ya maranda yakianguka.

"Unavuta vizuri," nikasema.

"Nimezoea kukoroga."

Tukaenda hivyo kwa muda. Uso wa sinia ukaanza kunyooka, mweupe wenye mistari ya kahawia.

"Baba, nikienda utakasirika?"

"Vuta."

"Navuta. Nimekuuliza."

"Nikikasirika, utabaki?"

"Nitabaki, lakini mwenye hasira nitakuwa mimi."

"Basi sikasiriki," nikasema. Nikangoja mti urudi. "Napenda nini, hilo ni swali jengine, nalo hujaniuliza."

"Sina haja," akasema. "Nimeona ubao uliotoa."

Hakuacha kuvuta, nami sikuacha kukata, mpaka ukingo ulipokamilika. Kabla ya alasiri sinia lilikuwa tayari. Mguu niliutengeneza kutoka kwenye tendegu la mvule lililobaki katika kazi ya zamani, na kitako kutoka kwenye baki la ubao uleule wa mwembe. Nikatia gundi, nikapima kwa pimamaji, nikapaka nta. Kisha tukainusa kwa zamu. Pua yangu haikuhesabiwa. Mshona kofia aliitwa kutoka ng'ambo ya njia awe shahidi, akafumba macho, akavuta pumzi.

"Nasikia nta," akasema. "Na embe, kwa mbali."

"Papa?"

"Papa nasikia kwa shemeji yako tu."

Alhamisi keki zilipelekwa kila ghorofa peke yake, zimefunikwa makawa, wanawake watatu wakizibeba kwa kufuatana, na shemeji akitangulia kuwafukuza punda. Binti yangu angezipandanisha hukohuko. Mimi nilibeba stendi ndani ya kitambaa hadi mlangoni, mkono wa mwanamke ukatoka ukaipokea, mlango ukafungwa, na huo ndio mwisho wa niliyoyaona kwa macho. Nilikwenda msikitini nikaswali alasiri. Baadaye nilikaa barazani na shemeji, naye akanisimulia habari za samaki ambao hakuwavua.

Mke wangu alirudi kabla ya magharibi. Akavua buibui bila haraka, akakaa, akaomba maji.

"Ehe?" nikasema.

"Imekwisha. Hata chembe haikubaki. Watoto wamelamba kisu."

"Na stendi?"

"Stendi gani?"

"Bibi."

"Ah, ile. Mama wa bibi harusi aliifunika satini ya waridi mpaka chini, ilingane na mapambo. Hakuna aliyeiona."

Shemeji alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni. Mimi nilingoja amalize.

"Iliyumba?"

"Haikuyumba."

"Ilinuka?"

"Haikunuka."

"Alhamdulillahi," nikasema, na nilikusudia kila herufi yake. "Na walimwagiza?"

Mke wangu alikunywa maji yake yote kwanza.

"Walisema nzuri," akasema. "Wote walisema nzuri."

Sote wawili tulijua kwamba kusema nzuri hakuna gharama. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita. Shemeji akarudi Kiwayu, na nyumba ikawa kubwa ghafla. Binti yangu aliosha makawa, akayaanika, akasafisha oveni iliyokuwa safi. Mimi nilirudi kwenye matendegu. Kila mtu akibisha hodi chini, mota yangu ilizimika yenyewe, au labda ni mkono wangu.

Jumatatu alikuja mama mmoja, akakaa na mke wangu saa nzima akizungumza habari za miguu yake inayovimba. Alipofika mlangoni akiondoka ndipo akageuka kama aliyekumbuka jambo dogo, akauliza kama yule binti anaweza kupika ya posa, Jumapili ijayo. Jumanne ilikuja ya pili, kwa simu. Ya tatu ilitoka Mokowe, kwa mtu ambaye hakuwapo harusini kabisa ila alihadithiwa na dadake.  Nilizidisha rakaa mbili tu.

Wakala alipiga asubuhi ya siku ya keki ya Mokowe. Binti yangu alikuwa jikoni, mikono imejaa unga mpaka viwiko, na simu yake ililia dirishani nilipokuwa nimesimama nikingoja chai yangu.

"Baba, ni nani?"

Nikaisogeza mbali na macho nisome. "Wakala."

Ikalia mpaka ikakatika. Akavunja yai, akalitazama kwenye kikombe kwanza kama ni zima, akalimimina. Simu ikalia tena.

"Nipokee?" nikauliza.

"Pokea."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie nina keki inayoondoka na boti ya saa nane."

Nikamwambia. Yule bwana alikuwa mstaarabu, hakukasirika. Aliuliza kama basi mwezi ujao itawezekana, nami nikalirudisha swali jikoni kama nilivyolipokea.

"Mwezi ujao pia nina keki," binti yangu akasema, "na mayai yamebaki manne. Ukimalizana naye, Baba, nifuatie trei mbili. Uyatazame vizuri, ile ya chini huwa wanaficha yaliyopasuka."

Nikamalizana naye kwa salama na dua, nikaweka simu mahali pake, nikavaa viatu.